Shuka la Kitanda cha Tisa

Saa nne kasoro dakika tano, siku ya Jumanne, mashine ya pili ya kukaushia ilimaliza kuzunguka, na Mama Pasi akatoa mashuka thelathini na mawili ya wodi ya wazazi, akayatupa juu ya meza ndefu. Wenzake watatu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Wa nne alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mtoto kliniki. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu, upande wa pili unaburura sakafuni na unarudi kulifua. Kwa hiyo Mama Pasi alishika kona mbili, akasimama, akangoja mtu.

Mtu akaja. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, miguu mitupu, amevaa gauni la kazi la mtindo wa zamani na mikono yake ameipandisha hadi kwenye viwiko. Akashika kona mbili za upande wa pili. Wakakunja yote thelathini na mawili bila kusemeshana. Alipoondoka, Mama Pasi alitambua mambo mawili. Kwanza, yule mwanamke alikuwa akiingiza kona kwa ndani, jinsi ambavyo hakuna akunjaye siku hizi isipokuwa mama yake mzazi kule nyumbani. Pili, kila aliposhika pamelowa.

"Hakufuta mikono," Mama Pasi alisema, akayarudisha mashuka kwenye mashine.

Jina la Mama Pasi alibandikwa na wafanyakazi wake, naye alilijua. Walisema ana moto, ni mzito, na ukimwendea na mikunjo yako utatoka umenyooka. Yeye alisema ni heri kuwa pasi kuliko kamba ya kuanikia, inayobeba nguo za kila mtu. Alikuwa na stashahada ya chuo, watoto wanne, na miaka kumi na sita kwenye chumba cha kufulia, tisa kati yake akiwa msimamizi.

Ijumaa iliyotangulia, waraka wa Katibu wa hospitali ulibandikwa ubaoni. Hospitali inatimiza miaka themanini. Kila kitengo kiandike hadithi fupi ya kihistoria, isiyozidi kurasa mbili, iliyotokana na utafiti, na hadithi zote zitachapishwa katika kijitabu. Majina ya watumishi waliofia kazini yatachongwa kwenye jiwe la ukutani. Anayejua aliyesahaulika alete ushahidi kabla ya tarehe ishirini, kwa sababu fundi wa kuchonga hachongi mara mbili.

Wafanyakazi walisoma wakacheka. "Dobi ana hadithi gani? Kuna doa, halafu hakuna doa." Mama Pasi hakucheka. Aliusoma waraka mara mbili, akauchomoa pini, akaukunja akautia mfukoni.

Bibi yake, mzaa mama, alikuwa dobi wa hospitali hiyohiyo. Siku zile wafuaji waliitwa kwa namba, na namba iliandikwa kwenye kibati cha shaba kilichovaliwa kifuani. Yake ilikuwa kumi na saba. Mwaka wa homa ya kuambukiza, usiku wa kuamkia siku ya zamu, alimshusha mwanawe wa miaka sita mgongoni, akamwacha kwa jirani, akasema, "Narudi." Hakurudi. Baada ya wiki mbili alikuja tarishi wa hospitali kudai kibati, akasema namba kumi na saba ametoroka kazini. Mtoto yule akakificha kibati ndani ya gunia la majani ya kulalia.

Mtoto yule ndiye mama yake Mama Pasi. Sasa alikuwa na miaka sabini kasoro mmoja, na kwa miaka sitini na mitatu alikuwa mtoto wa mtoro. Shangazi aliyemlea, kila alipovunja kikombe, alisema damu ya mtoro haitulii. Siku ya posa, mama mkwe aliuliza mbele za watu kama binti naye ana miguu myepesi, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Alichobaki nacho yule mtoto ni kibati, ambacho sasa kilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na swali moja alilomwuliza kila aliyenyanyuka kitini, hata anayekwenda chooni: "Unarudi?"

Mama Pasi alimweleza habari za waraka wakati wa chakula cha jioni.

"Uandike nini?" mama yake aliuliza. "Kwamba aliniacha? Hilo limeshaandikwa."

"Niangalie kama ni kweli."

"Na ikiwa kweli?"

"Basi nitaandika hadithi ya sabuni."

Mama yake alitafuna taratibu. "Jana ulisema kuna mtu anakunja kona ndani."

"Yupo. Anakuja saa nne. Ukitaka, njoo umwone."

"Anayetaka kuniona nyumbani anapajua," alisema mama yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano mwanamke akaja tena saa nne, na Alhamisi. Wafanyakazi walimzoea upesi, kwa kuwa hakusengenya wala hakuchelewa. Walichonung'unikia ni kwamba mashuka anayoyashika yanakaushwa mara mbili. Fundi wa boila alimwita dada. Mama Pasi alimwita bibi, ingawa kwa umri angeweza kumzaa, na alimpangia kazi ya mashuka ya chumba cha upasuaji, ambayo hata hivyo hupitishwa kwenye mvuke tena. Kwenye daftari la mahudhurio aliongeza mstari chini ya majina ya wengine: Namba 17, yupo.

Wakati wa mapumziko alikwenda masjala. Karani wa masjala alikuwa mtu mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wa joto, kwa sababu chumba chake kilikuwa na ubaridi. Alimtolea daftari la watumishi la mwaka wa homa, akalifungua mwenyewe kwa ncha za vidole.

"Samahani kwa ukurasa huu," alisema. "Haukauki."

Mstari wa namba kumi na saba ulikuwa umelowa. Wino ulikuwa umechanua kidogo pembeni lakini neno lilisomeka vizuri: *Ametoroka*. Mistari ya juu na ya chini ilikuwa mikavu.

"Tangu lini?"

"Nilivyoikuta kazi niliukuta hivi. Aliyenitangulia aliukuta hivi. Tumebadilisha mabati ya paa mara tatu. Tumeweka dawa. Mwaka juzi niliuanika juani siku nne, kurasa za jirani zikapauka, wenyewe ukabaki mbichi."

"Hamkuwahi kujiuliza kilichoandikwa hapo?"

"Kazi yangu kutunza, mama, si kusoma."

Mama Pasi alisoma. Namba kumi na saba hakuonekana kazini tarehe tatu, nne na tano. Juu ya ukurasa palikuwa na kanuni, imechapwa kwa mashine: asiyeonekana siku tatu mfululizo bila taarifa aandikwe mtoro. Aliomba daftari la taarifa za wodi ya homa, la mwezi huohuo. Karani alilipata nyuma ya kabati. Lilikuwa kavu kabisa.

Tarehe tatu muuguzi aliandika: *Kitanda cha tisa. Mwanamke mtu mzima. Amekuja kwa miguu yake. Jina halikupatikana, hawezi kusema.* Tarehe sita: *Kitanda cha tisa hukunja shuka lake kila asubuhi kabla halijachukuliwa. Amekatazwa. Hasikii.* Tarehe kumi: *Kitanda cha tisa kiko wazi.*

Alipotoka masjala, Mama Pasi alihesabu hatua kutoka mlango wa wodi ya homa ya zamani, ambayo sasa ni stoo ya magodoro, hadi mlango wa chumba cha kufulia. Zilikuwa arobaini na moja, ukiwa umebeba kapu.

Jioni ile alianza kuandika. Kuandika kulimtesa kuliko alivyodhani. Alikuwa na tarehe chache na kitanda kimoja, na kurasa mbili za kujaza. Akafanya wanavyofanya watu, akaongeza chumvi. Aliandika kwamba namba kumi na saba alikuwa akiimba huku akifua. Aliandika kwamba alimpenda mumewe. Aliandika pia yale yaliyosemwa na shangazi, kwamba aliondoka na dereva wa lori, kwa sababu mtafiti haachi upande mmoja. Aliandika kwamba alikuwa mzuri wa sura.

Asubuhi aliacha karatasi juu ya meza ya kupigia pasi, akaenda kupokea sabuni. Saa nne na nusu alirudi. Habari ya kuimba ilikuwa imelowa. Habari ya mume ilikuwa imelowa mpaka imeingia ukurasa wa pili. Pale penye dereva wa lori palikuwa na tundu. Sentensi ya uzuri wa sura ilikuwa kavu.

Mama Pasi aliona kwamba hilo litampunguzia kazi. Tangu siku ile aliandika jioni, akaacha karatasi mezani asubuhi, na saa nne na nusu akafuta palipolowa. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa akimchapia kwenye kompyuta, alishangazwa na jambo moja tu.

"Mama, hadithi si ni ya kutunga?"

"Ya kutunga, ndiyo."

"Sasa mbona unafuta vitu vizuri vyote?"

"Kutunga si ruhusa ya kumsingizia mtu. Chapa."

Hadithi ikafika ukurasa mmoja na robo, ikakwama kitanda cha tisa. Kwa nini mgonjwa asiyeweza kusema akunje shuka chafu? Aliandika kwamba alipenda usafi. Palilowa. Aliandika kwamba homa ilimpanda kichwani. Palilowa. Ilikuwa tarehe kumi na saba, na fundi wa kuchonga alikuwa ameshaleta jiwe.

Dobi mmoja tu wa mwaka ule alikuwa bado hai. Aliitwa Bibi Ndoo, alikuwa na miaka themanini na miwili, na aliishi kwa mjukuu wake nyuma ya karakana ya baiskeli. Alimkaribisha Mama Pasi kwenye kigoda, akaliangalia begi lake.

"Umekuja kuandika au kunihukumu?"

"Kuandika. Stashahada ya kuhukumu sina."

Bibi Ndoo alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wodi ya homa ilikuwa na kidirisha," alisema. "Mashuka yanatupwa nje, sisi tunayapokea kwa vijiti. Kuingia hakuna, kuchungulia hakuna. Sasa kila asubuhi, katika lundo lile la uchafu, kulikuwa na shuka moja limekunjwa. Chafu, linanuka, lakini limekunjwa kama la dukani. Tulicheka wee. Tukasema, huyu mgonjwa anajipendekeza kwa nani?"

"Kona zilikuwa wapi?"

Bibi Ndoo aliinama, akaokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni. Ndani ya karakana, watu walikuwa wakigonga rimu ya baiskeli.

"Kona zilikuwa ndani," alisema. "Kumi na saba peke yake ndiye aliyekunja hivyo. Tulikuwa tunamtania, we mwanamke unaficha nini humo?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Siku ya pili nilijua. Lakini aliyesema anamjua mgonjwa wa mle alifungiwa naye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu bado yuko titini. Nikalikunjua, nikalitia pipani na mengine. Kesho yake likaja tena, nikalikunjua. Siku ya saba halikuja." Aliuvuta uzi ukakatika. "Wakapita wakiuliza kumi na saba yuko wapi. Kila mtu akatazama maji yake."

"Utayasema haya mbele ya Katibu?"

"Nitasema. Watanifanya nini, watanifukuza kazi?"

Jioni ile Mama Pasi aliandika sentensi moja tu: *Alikunja shuka ili walio nje wajue yuko wapi.* Asubuhi akaiacha mezani. Saa nne na nusu alirudi. Karatasi nzima ilikuwa imelowa pembeni kote, kama iliyoshikwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu, lakini sentensi ile ilikuwa kavu, na wino wake ulikuwa umeiva.

Alimsomea mama yake hadithi yote, mezani, vyombo vikiwa havijaondolewa. Mama yake alisikiliza akiwa ameshika kijiko.

"Kwa hiyo alikuwa anaita," alisema.

"Ndiyo."

"Na wao wakakunjua."

"Ndiyo, mama."

Mama yake aliinuka kupeleka vyombo. Mama Pasi naye alinyanyuka kumsaidia, na kwa mara ya kwanza hakuulizwa kama anarudi. Mama alipofika mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka, "Sitaki lolote kwao. Nataka tu hilo jiwe. Nataka mtu akipita asome kwamba alikufa."

Tarehe kumi na tisa, Mama Pasi na Bibi Ndoo waliingia kwa Katibu na madaftari mawili ya masjala, daftari la mahudhurio na hadithi iliyokamilika. Katibu alikuwa mtu mpole, mwenye meza safi. Aliwaagizia maji ya kunywa. Alisoma kila kitu, akamsikiliza Bibi Ndoo mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani.

"Nawapa pole," alisema. "Lakini daftari la watumishi ni waraka wa serikali. Neno lililomo hurekebishwa na ofisa aliyeliandika, kwa saini yake mwenyewe."

"Amekufa," alisema Mama Pasi.

"Hapo ndipo penye ugumu."

"Tarehe zinalingana. Shahidi huyu hapa."

"Shahidi anashuhudia kukunjwa kwa shuka. Hakumwona mtu."

"Basi mwite mwenyewe. Namba kumi na saba yuko kazini sasa hivi."

Katibu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Alivuta daftari la mahudhurio la chumba cha kufulia, akapitisha kidole hadi mstari wa chini, akaona kwamba kweli, kwa siku kumi na mbili mfululizo namba kumi na saba alikuwa yupo.

"Unaona sasa, mama, unajifungia mlango mwenyewe," alisema kwa upole uleule. "Jiwe ni la waliofia kazini. Huyu yuko kazini. Mtu aliyeondoka, kisha akaonekana tena, hajafa. Alitoroka, akarudi. Daftari halikukosea."

Bibi Ndoo alisema, "Mwanangu, unajisikia unavyosema?"

"Najisikia, bibi. Ndiyo kazi." Akaweka hadithi juu ya faili nyingine, akailainisha kwa kiganja. "Hadithi lakini ni nzuri, ni nzuri sana. Hii tutaichapisha. Kwenye hadithi mtu anaruhusiwa kufa."

Alitoa kalamu nyekundu, akafuta mistari yote kumi na miwili ya namba kumi na saba kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya watumishi.

Sherehe ilifanyika Jumamosi. Vijitabu mia nne viligawiwa getini. Hadithi ya chumba cha kufulia ilikuwa ukurasa wa kumi na tano, na chini yake Katibu alikuwa ameongeza mstari mdogo: *Hadithi hii ni ya kubuni, na haimhusu mtu yeyote aliye hai au aliyekufa.* Katika vijitabu vyote mia nne mstari huo ulikuwa umelowa. Wageni walifuta vidole kwenye nguo zao, wakaendelea kusoma. Mwenye kiwanda cha uchapaji aliomba radhi, akasema ni karatasi ya msimu huu.

Jiwe lilifunuliwa. Lilikuwa na majina ishirini na sita. Mama yake Mama Pasi alikuja, amevaa kibati kifuani, alichokisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Alisimama mbele ya jiwe akasoma yote, la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti ndogo, kama anayetafuta nyumba katika mtaa asioujua. Chini ya jina la ishirini na sita palibaki nafasi ya jina moja. Hapo jiwe lilikuwa na unyevu. Fundi wa kuchonga alipapangusa kwa kitambaa, akatazama, akapangusa tena, akakunja vifaa vyake.

"Saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa nne kasoro."

"Nipeleke kwenye hayo mashuka yako."

Chumba cha kufulia hakina sherehe. Wodi zote zilikuwa na wagonjwa. Mashine ya pili ilikuwa imemaliza kuzunguka. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa tayari amesimama upande wake wa meza, ameshika kona mbili, anangoja mtu. Mama yake Mama Pasi aliweka mkoba chini. Aliikunja mikono ya gauni lake la sherehe hadi kwenye viwiko, akashika kona mbili zilizobaki.

Wakalivuta shuka likanyooka. Wakalikunja la kwanza kwa urefu. Kukunja shuka kuna utaratibu wake: mkishalikunja kwa urefu, mnaendeana, mpaka mikono inakutana. Wakaendeana. Kona moja ikamponyoka yule wa miaka sabini kasoro mmoja, ikabaki nje. Yule mwingine aliiona. Akalikunjua shuka lote, akarudi nyuma hatua zake zote, akamrudishia kona, akangoja aanze upya, kama afanyavyo mtu anapomfundisha mtoto. Safari ya pili kona iliingia ndani.

Wakakunja mashuka yote. Mama Pasi alisimama mlangoni akawazuia waliotaka kuingia, akasema kuna kazi.

Yalipokwisha, mama alivua kibati, akakiweka juu ya meza kati yao. Mwanamke akakichukua, akakivaa kifuani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama alimtazama mpaka akapita kona ya boila. Hakumwuliza kama anarudi.

Jumatatu, Karani wa masjala alifika mapema, akafungua daftari la mwaka wa homa, akagusa ukurasa. Ulikuwa mbichi. Alibadilisha karatasi ya gazeti aliyoiweka katikati, akalifunga, akavaa sweta lake.

Saa nne, dobi namba kumi na saba aliingia kazini na kibati chake, mikono yake ikichuruzika. Mama Pasi alimpa upande wa pili wa shuka. Baadaye akachukua daftari la mahudhurio, akatafuta nafasi chini ya mistari iliyofutwa kwa kalamu nyekundu, akaandika: Namba 17, yupo.